Sifa za Bikari

Sisi watu wa Nkubu tuna mengi ya kujivunia: ndizi, chai, kahawa, na ile baridi ya alfajiri inayoshuka kutoka Mlima Kenya na kupiga hodi mifupani. Vyote hivyo vina wa kuvisifu. Leo namsifu asiye na wa kumsifu: Bikari, kiumbe wa miguu miwili, mmoja sindano, mwingine penseli ya kuazima, akaaye katika kikebe cha bati pamoja na makombo ya kifutio.

Maadui zake ni wengi. Wanasema anadunga. Ni kweli, anadunga: vidole, mifuko ya sare, na mapaja ya wanaosinzia wakati wa prepu. Lakini mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na mimi sijaona kitabu cha Historia kilichomwamsha mtu saa tatu usiku kwa haraka namna hiyo. Wanasema pia skrubu yake hulegea: unaanza duara kwa nusu kipenyo cha sentimita nne, unafika mwisho ikiwa tano, na kichwa cha duara kinakataa kuonana na mkia wake. Hiyo nayo si kasoro, ni malezi. Anakufunza kukaza skrubu kabla ya safari, somo ambalo matatu kadhaa za barabara ya Embu bado hazijalifikia.

Nasaba yake ni ya kifalme. Euclid aliandika vitabu vyake 13 Alexandria, papa hapa barani Afrika, yapata miaka 300 kabla ya Kristo, na humo kazi ya kuchora ilifanywa kwa mistari minyoofu na maduara. Rula hupenda kujigamba kwamba sifa hiyo ni ya wawili. Ajue kwamba Georg Mohr wa Denmark mwaka wa 1672, na Lorenzo Mascheroni wa Italia mwaka wa 1797, walithibitisha kuwa kila nukta inayopatikana kwa rula na bikari, Bikari anaweza kuipata peke yake. Rula ni msindikizaji tu.

Hata kushindwa kwake kuna heshima. Kuigawa pembe yoyote ile mara tatu sawasawa kulimtoa jasho kwa zaidi ya miaka 2,000, hadi Mfaransa Pierre Wantzel alipothibitisha mwaka wa 1837 kwamba jambo hilo haliwezekani kwa rula na bikari pekee. Ni nani mwingine darasani aliyewahi kushindwa na swali akatetewa namna hiyo?

Lakini fadhila yake kubwa huonekana jioni ya kuamkia mtihani, wanafunzi wakikariri sifa za duara kama wanaokariri majina ya mito. Bikari hataki kukaririwa. Mtoe nje uone. Kamba ya mkonge na vigingi viwili ni Bikari yuleyule, ila amekua. Mbuzi aliyefungwa kigingini amekwisha kulimaliza somo la lokasi, njia ya nukta inayotii sharti: amekula nyasi hadi kamba ilipogoma, na ukingo wa malisho yake ni duara safi. Mfunge kwenye kona ya nje ya banda, kwa kamba fupi kuliko kuta zake, naye atakula robo tatu ya duara bila kuuliza fomula.

Kisha wasimamishe wanafunzi watatu uwanjani, mbali mbali, useme hivi: andazi moja litawekwa mahali penye umbali sawa kutoka kwa kila mmoja, na kengele ikilia, mwenye mbio atakula. Walioapa kwamba hawajui kuukata mstari katikati kwa pembe mraba watageuka mafundi ghafla, kila mmoja akilinda haki yake kwa kamba. Na wakijipanga kwa pembe butu, andazi litatoka nje ya pembetatu yao likakae kwenye majani ya nepia. Jambo hilo ukilisoma kitabuni utalisahau. Ukilifuata ndani ya nepia yenye umande, hutalisahau.

Tena Bikari ni mtahini asiyekula hongo. Izungushie pembetatu duara: likigusa kona zote tatu, umepata, likiikosa moja, rudi nyuma utafute ulipoteleza. Huhitaji kumngoja mwalimu na kalamu yake nyekundu.

Na anayeuliza duara litamfaa nini maishani, apande matatu kutoka Nkubu aende Meru mjini. Kabla hajafika atavuka ikweta, duara lenye mzingo wa kilomita 40,075 hivi. Atakutana nalo tena darasani, kwenye maswali ya latitudo na longitudo, na safari hiyo hakuna utingo wa kumshusha.

Basi mzazi, kabla mtoto hajarudi shuleni, fungua kile kikebe. Kaza skrubu, chonga penseli. Nawe mtahiniwa, swali likisema utumie rula na bikari pekee, kipima pembe kiache kilale. Na matao uliyochora usiyafute kwa kutaka usafi: mtahini huyatafuta hayo kabla ya jibu, na yasipoonekana, alama zake huzipati.