Mwaliko wa Barcelona haujafika Burungu

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wa Michezo na wa Utalii, Kinshasa.

Waheshimiwa, pokeeni kwanza pongezi za Burungu, huku Masisi. Tangu mlipotia sahihi mkataba na FC Barcelona, Julai 2025, wachezaji wa klabu hiyo wanafanya mazoezi wakiwa wamebeba nchi yetu mgongoni, kwa maandishi yanayoitangaza kuwa moyo wa Afrika. Magazeti yametaja zaidi ya yuro milioni 40 kwa misimu minne. Hatulalamikii bei hiyo. Kwetu Masisi mama anayebeba gunia la viazi mgongoni hadi sokoni hulipwa kidogo sana, lakini viazi, tunaelewa, havionekani kwenye televisheni. Mji nao mmeuchagua vizuri. Una jua, una bahari, na sehemu kubwa ya ufukwe wake ilitengenezwa upya kwa ajili ya Olimpiki ya 1992, na tangu hapo mzazi wa huko hujiendea kuogelea na watoto wake Jumamosi bila kumwomba mtu ruhusa. Hiyo Jumamosi ya watoto ndiyo iliyotushikisha kalamu.

Maana Burungu pia ina Barcelona yake, nayo ni Goma. Jua lipo. Ziwa Kivu lipo, kilomita za mraba 2,700 hivi, halina mamba, na kando yake samaki wadogo wa sambaza hukaangwa na kuliwa wangali moto. Ipo hata sanamu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, yenye rangi ya dhahabu katikati ya mzunguko wa barabara, kitu ambacho mtoto yeyote wa milimani angekizunguka mara kumi kabla ya kukubali kuondoka. Na toka Burungu hadi huko hazifiki kilomita 100: unashuka Kilolirwe, unapita Sake, umefika. Kwenye ramani ni safari ya kwenda Jumamosi na kurudi Jumapili. Lakini ramani haichori bariyeri. Mwaka 2017 watafiti wa shirika la IPIS walihesabu vizuizi 798 katika barabara za Kivu zote mbili, na jeshi la taifa ndilo lililokutwa kwenye vizuizi vingi kuliko kundi lingine lolote. Mzazi mwenye watoto wanne na pikipiki mbili hawezi kupanga bajeti ya safari kama hiyo, kwa sababu bei haikuandikwa popote, na jetoni, yaani risiti, ya bariyeri moja si lazima itambuliwe na inayofuata. Nasi tunauliza: mgeni wa Barcelona atapita njia gani kuufikia huo moyo wa Afrika, ikiwa mwenyeji mwenyewe hapiti?

Tunajua mtajibu kwamba kuna vita, kwamba Goma imeshikwa na waasi wa M23 tangu Januari 2025, na kwamba hayo si makosa ya wizara ya michezo. Ni kweli. Lakini hesabu ya IPIS ni ya mwaka 2017, M23 ilipokuwa bado haijarudi vitani, na barabara ilikuwa mikononi mwa Leta, yaani serikali, na mwa makundi mengine tuliyoyazoea. Walioshika kamba ya bariyeri wamebadilika. Kamba ni ile ile. Mtajibu pia kwamba Rwanda ilianza, ikajiandika kwenye mkono wa jezi ya Arsenal mwaka 2018, na wageni wakaja. Nayo ni kweli, ingawa Februari 2025 serikali yetu iliwaandikia Arsenal, PSG na Bayern ikiwataka waachane na mikataba yao na Rwanda, na kabla miezi sita haijaisha tukawa tumepanga foleni kwa fundi cherehani huyo huyo, Monaco na AC Milan wakiwa wametushonea tayari. Tusigombane juu ya adabu. Tutazame kazi yenyewe: mgeni akitoka Kigali kwenda kuona sokwe hukuta lami hadi Musanze. Barabara ilitangulia, jezi ikafuata. Ninyi mmeanza na jezi.

Kuna jambo jingine ambalo labda hamkuambiwa wakati wa kutia sahihi. Julai 2024 wakazi wa Barcelona waliandamana kwa kuchoshwa na watalii, na baadhi yao wakawarushia wageni maji kwa bastola za plastiki. Tumepata basi mji ulioshiba wageni, tukaulipa utusaidie kupata wageni. Sisi tungeomba kinyume chake: wageni wanaofukuzwa huko waletwe huku, na bastola zile wapewe watoto wa Burungu. Wangekuwa na bunduki ya kwanza inayotoa maji tu.

Kuhusu watoto, mkataba unawakumbuka: klabu itawapa mafunzo ya kandanda, mpira wa kikapu, mpira wa mikono, na hata hoki ya magurudumu. Tunaipokea hoki hiyo kwa moyo mweupe, maana mtoto wa Masisi anayeteremka mlima juu ya chukudu yenye mzigo hana cha kujifunza kuhusu magurudumu. Anachokosa ni mahali pakavu. Na kama ingeonekana rahisi zaidi kuwapeleka baharini huko huko Barcelona kwa wikendi moja, viza ya Ulaya ni yuro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na bure kwa walio chini ya hapo, huruma ambayo hatujaisikia ikitajwa kwenye bariyeri. Ila viza inaombwa Kinshasa, Kinshasa tulikuwa tukiiendea kwa ndege kutoka Goma, uwanja wa Goma umefungwa tangu Januari 2025, na Goma yenyewe inafikiwa kwa barabara ile ile ya Sake. Kumbe hata njia ya Barcelona inaanzia kwenye tope letu.

Ombi letu, basi, ni dogo. Ikiwa pesa zimekwisha, zitumike jezi zilizobaki. Kila anayesimamisha watu barabarani, wa upande wowote, avalishwe moja, na mgongoni, palipoandikwa moyo wa Afrika, iandikwe bei ya kupita, kwa tarakimu kubwa, na ya watoto chini yake. Nalo jibu la barua hii mnaweza kuliandika kwenye mgongo huo huo wa Barcelona, kwa kuwa posta hatuna. Watoto wataliona kwenye televisheni, siku jenereta itakapopata mafuta.