Kontena la Mtaalamu

Mtaalamu wetu ana miezi mitatu Mbarara na, kwa kauli yake, bado hajahamia. Nyumba ipo, mlinzi yupo, maziwa ya ng'ombe wa Ankole humfika mlangoni kabla hajapiga mswaki. Ila vitu vyake viko kwenye kontena, na kontena liko Mombasa. Bado mpaka wa Malaba, bado ushuru. Kila Jumatatu hutusomea habari zake garini, nasi huitikia "pole" kama wanaoulizia mgonjwa. Ndani ya kontena mna feni nne. Hakuna aliyemwambia kwamba Mbarara iko zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari, na kwamba usiku tunagombania blanketi.

Juzi nilimkalimania Nakivale, kambi inayopokea wakimbizi tangu miaka ya 1950, upande wa Rubondo. Tulimkuta mama mmoja kutoka Masisi, Kongo. Kiwanja amepimiwa, turubai limesimama, jerikeni imejaa, maharage yanatokota juu ya mafiga matatu.

"Umeshatulia?" mtaalamu akauliza, maana fomu ndivyo inavyotaka.

"Ndiyo, papa. Nilifika juzi."

Mtaalamu akaandika, akashusha pumzi, akaongeza kwamba yeye, kusema kweli, bado. Hata godoro lake hajaliona. Nikatafsiri neno kwa neno. Mama akamtazama kwa huruma, akaanza kukunja mkeka wake amkabidhi.

"Pole sana, papa. Kwenu mulifukuzwa na nani?"

Hilo sikulitafsiri.