Misumari Imo Kwenye "Mengineyo"

Kwa Kamati ya Huduma ya Vijana,
Usharika wetu mpendwa,
Dar es Salaam.

YAH: MAOMBI YA UNYENYEKEVU KUHUSU SAFARI IJAYO YA KUKARABATI NYUMBA ZA WAHITAJI

Waheshimiwa wajumbe,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Naandika nikiwa mlezi wa vijana, cheo mlichonipa kwenye kikao ambacho sikuwepo. Kwanza nawapongeza kwa bajeti ya mwaka huu, niliyoipitia juu chini kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya waliofaulu. Fulana zimo. Bango la mita sita limo. Droni imo, na posho ya anayeirusha imo. Chakula cha mgeni rasmi kimo, na cha dereva wake, na maji ya chupa ya viongozi yameandikwa mbali na maji ya vijana. Misumari haimo. Mabati hayamo. Simenti haimo. Nilipouliza nilijibiwa kwa upole kwamba hivyo vyote vimo kwenye "mengineyo", na kwamba mengineyo tutajua hukohuko.

Na kweli, kila mwaka tunajua hukohuko. Tunapanda Coaster, tunapita Chalinze, Segera, Korogwe, vijana wanaimba mapambio mpaka sauti zinakauka. Tukifika Mombo, kabla gari halijaanza kupanda kona za kwenda Soni, mimi nashuka kutafuta hicho tunachokwenda kukarabatia. Safari iliyopita nilisimama kwenye duka la vifaa vya ujenzi nikijaribu kukopa misumari ya bati kwa dhamana ya kitambulisho changu cha taifa. Mwenye duka, mzee mwenye kofia ya viua, alichungulia nje. Akaiona Coaster, akaliona bango, akawaona vijana ndani ya fulana mpya za rangi ya chungwa, kisha akanigeukia mimi.

"Mama, kanisa zima hamna hela ya misumari?"

Akapima kilo tatu, akazifunga kwenye gazeti, akanirudishia kitambulisho changu. "Peleka," akasema. "Nyumba ya mjane haiulizwi dhehebu."

Nilipogeuka kuondoka niliona migongo ya vijana wetu, ambapo mmechapisha Mathayo 6:3, mstari unaohusu kutoa kwa siri. Herufi zake zinasomeka kutoka ng'ambo ya barabara.

Kwa heshima hiyo, naomba kuwasilisha maombi yafuatayo.

La kwanza, tarehe. Safari huwekwa wiki ya Pasaka, maana yake katikati ya masika. Kule Usambara wakati huo ukuta uliokandikwa leo bado unanata wiki ijayo, na paa lililofunuliwa saa nne linanyeshewa saa nane. Juni shule zimefungwa na masika imekwisha. Nasikia Juni mgeni rasmi huwa na ratiba ngumu. Mvua nayo ina ratiba yake, na haijawahi kumpisha mtu.

La pili, sanduku la huduma ya kwanza. Lililopo lina mkasi, panadol mbili, na kadi ya mchango wa harusi iliyokwisha kufungwa. Naomba bandeji.

La tatu, malazi. Wavulana hulala darasa la tano, wasichana darasa la sita, mimi kwenye korido katikati, juu ya saruji. Naomba godoro. Likikosekana, naomba mjumbe mmoja wa Kamati aje apokee zamu kuanzia saa saba usiku, muda ambao upendo wa Kikristo miongoni mwa vijana huongezeka kasi.

La nne, fundi. Msumari wa bati hupigwa kwenye mgongo wa bati, haupigwi bondeni, kwa kuwa bondeni ndiko maji yanakopita. Fundi yeyote analijua hilo. Vijana wetu hawalijui, na siwalaumu, hakuna aliyewafundisha. Hata mabati yenyewe, mfadhili alipotuletea geji 32, mjumbe mmoja wenu alishangilia kwamba 32 inazidi 28. Inazidi kwa namba, mheshimiwa. Kwa unene, 28 ndiyo bati. Hiyo 32 ukiikanyaga vibaya inabonyea mguu ukiwa bado juu yake. Plasta ya simenti nayo inataka kumwagiliwa maji kama wiki nzima ili isipasuke, na sisi hukaa siku mbili, moja ikiwa ya hotuba. Mlipeni fundi mmoja na saidia fundi wake, waje nasi, wabaki tukiondoka. Chukueni posho ya mrusha droni.

La tano ndilo kubwa, na nimeliombea. Naomba Usharika ujenge hapohapo kiwanjani, kati ya ukumbi na maegesho ya wazee wa kanisa, Nyumba ya Kudumu ya Kupigia Picha.

Iwe ya chumba kimoja. Ukuta wa mbele ukandikwe nusu, na nusu ya pili fito zionekane, zikiwa zimepakwa vanishi, maana umaskini huu inabidi udumu. Paa liwe na mabati sita. Matano yapigiliwe na fundi, la sita lifungwe kwa bawaba, ili mgeni rasmi alifunue na kulifunika apendavyo, kisha agonge msumari mmoja kwenye tundu lililokwisha kutobolewa na kupakwa sabuni. Msumari huo uwe wa shaba, utunzwe na mweka hazina kabatini pamoja na vyombo vya Meza ya Bwana. Kwa njia hiyo hata tatizo la misumari litakuwa limekwisha.

Ngazi iwe na vidato vitatu, itandikwe zulia, na iwe na kishikio upande usioonekana na kamera. Karai la udongo lijazwe uji mzito wa ulezi, ambao kwenye picha hauna tofauti na tope na ukidondokea suti unafutika. Nyumba ielekee mashariki ili asubuhi uso wa mgeni rasmi usiwe gizani. Waumini wa ibada ya kwanza waikarabati, wa ibada ya pili waikute imebomolewa upya. Kwaya kuu, umoja wa wanawake, wageni wa usharika rafiki wa Ujerumani, wote watapata zamu kwa kiingilio, na mapato yaende kwenye fulana. Karai la uji liingizwe kwenye mnada baada ya ibada.

Ndani aajiriwe bibi. Asiwe mhitaji sana, maana wahitaji sana wana tabia ya kuuliza kazi itakwisha lini. Apewe mkataba, michango ya NSSF, likizo ya siku 28 kwa mwaka kama sheria inavyotaka, na khanga mbili, moja chakavu ya kabla ya msaada na moja mpya ya baada. Kazi yake iwe kulia kidogo, kushukuru kwa dakika tatu, na kutouliza swali.

Maana yule tuliyemwendea safari iliyopita aliuliza.

Tulimtolea vitu vyake nje asubuhi: kitanda cha kamba, magunia ya mahindi, masufuria, picha ya marehemu mumewe. Tukafunua paa. Ndipo ikaja simu yenu kwamba tusiezeke mpaka mgeni rasmi afike, asije akakuta kazi imekwisha. Mgeni rasmi alikuwa Korogwe, anakula. Vijana walikaa na nyundo mikononi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, na bibi amekaa juu ya gunia lake, akatuuliza kwa adabu kabisa, "Wanangu, kwani bati linapigiliwa na mtu mmoja tu?" Mgeni akafika, akapiga msumari wake, bondeni, akapigwa picha, akahutubia kuhusu moyo wa kujitolea hadi mawingu yakashuka. Mvua ikaanza kabla ya sala ya kufunga. Mkaamuru Coaster iteremke mlima kabla ya giza, na paa likabaki nusu. Yule mama alilala kwa jirani. Mahindi yake yalilowa. Na ninyi picha ya droni mkaiweka kwenye kalenda ya Usharika, mwezi Aprili, mkaiuza!

Walioezeka nyumba ile ni majirani, kesho yake, kwa msaragambo. Walikuja na ngazi zao na nyundo zao, wakang'oa misumari yetu ya bondeni, wakaziba matundu kwa lami, wakamaliza, wakala makande, wakaenda mashambani. Hawakuwa na bango. Kama safari yetu ndiyo hii, basi tuache kusema tunakwenda kukarabati nyumba. Tunakwenda kuazima umaskini wa watu, tunaupiga picha, na hata kuurudisha mahali pake tunashindwa.

Naombeni radhi, waheshimiwa. Ni presha. Turudi kwenye ajenda.

La sita, bajeti. Mstari wa kwanza, juu ya fulana, iandikwe misumari kwa kilo, mabati kwa idadi na geji, simenti kwa mifuko ya kilo 50. Mkishafika chini kabisa andikeni "mengineyo", na humo mtie droni, bango na mgeni rasmi. Nao watajua hukohuko.

La saba, maji. Ama vijana nao wanywe ya chupa, ama viongozi nao wanywe ya bomba.

La nane, mgeni rasmi akija, aje na bati. Moja tu, kichwani, kutoka barabarani hadi kwa bibi, njia ileile wanayopita wengine.

Natambua Kamati ina mambo mengi na huenda barua hii ikasubiri kikao kijacho, ambacho nacho husubiri akidi. Ili kurahisisha mashauriano, nawataarifu kwamba fomu za ruhusa za wazazi, ambazo bila hizo hakuna mtoto wa mtu atakayepanda Coaster, zimo kwenye mkoba wangu. Zitatoka siku nitakapoletewa risiti ya duka la vifaa vya ujenzi, yenye mhuri. Makisio ya bei siyapokei, wala ahadi za madhabahuni.

Wenu katika utumishi,

Mlezi wa Vijana

Nakala: Mbao zote za matangazo za Usharika, pamoja na ile ya maegesho.