Reale ya Bibi Haizeeki

Hongera kwa Wamarekani. Mwaka 1933 walipiga sarafu za dhahabu za dola 20, karibu nusu milioni, kisha serikali yao ikaamuru ziyeyushwe kabla hazijaonja soko. Chache zikachomoka mlango wa nyuma, na mwaka 2021 moja iliuzwa New York kwa dola milioni 18.9. Kumbe njia ya utajiri ni kuyeyusha pesa zote ukabakisha moja!

Sisi Lamu tumeyeyusha miaka nenda miaka rudi, wala hakuna aliyetualika mnadani. Reale, zile sarafu za fedha zenye sura ya Maria Theresa, mtawala wa Austria aliyefariki 1780, ziliishia motoni kwa sonara, zikatoka vikuku na pete. Na reale haizeeki: hata zilizopigwa karne ya ishirini zimeandikwa 1780. Kwa hiyo muuzaji akimwambia mgeni, "Ya 1780 hii, bwana, soma mwenyewe," hajasema uongo. Bei ndiyo hutegemea kofia ya mgeni.

Halafu kuna sarafu ya kisiwa cha Manda, jirani yetu. Mwaka 2013 wanaakiolojia walitangaza kuwa wamepata huko sarafu ya Kichina ya mfalme Yongle, ya shaba na fedha, yenye tundu la mraba katikati ya kuitunga kambani. Dunia nzima ikasikia. Lakini ukiifukua wewe na jembe lako, sheria ya Kenya ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inakutaka ukaripoti. Thamani yake kwako itakuwa nauli ya boti mpaka Lamu mjini, na ya kurudi juu yako.