Blanketi Lenye Kiuno: Uchunguzi wa Ufumaji na Riwaya za Huzuni Mkoani Mara

Miongoni mwa kazi ambazo binadamu huzianza kwa moyo mkunjufu na kuzikimbia kabla hazijafika nusu, ufumaji wa blanketi na usomaji wa riwaya ya huzuni zinastahili kuchunguzwa pamoja, kwa kuwa mjini Musoma, na katika barabara ziendazo Bunda na Butiama, kazi hizo mbili hukutana mapajani mwa mtu mmoja, zikagombea macho yake, na kila moja ikawa na sababu nzuri ya kuachwa. Swali la uchunguzi huu ni moja tu: ipi iachwe, lini, na kwa idhini ya nani.

Kufuma, kwa maana inayotumika hapa, ni kutengeneza kitambaa kwa kupitisha kitanzi cha uzi ndani ya kitanzi kingine, ama kwa sindano mbili ndefu, ama kwa sindano moja yenye ndoano, na kazi hiyo hutofautiana na ile ya mashine za viwandani zinazolaza nyuzi za urefu ziitwazo mtande na kuzipitishia nyuzi za upana ziitwazo mshindio. Kitambaa cha mtande na mshindio kikikatwa hubaki kitambaa kilichokatwa, ilhali blanketi la vitanzi hutokana na uzi unaofuatana mwanzo hadi mwisho, hivyo yeyote atakayeikamata ncha ya mwisho, awe mfumaji mwenye majuto au mtoto wa miaka miwili, anaweza kulirudisha kuwa uzi kabla chai haijachemka.

Jambo la kwanza la kustaajabisha ni kwamba blanketi hilo hufumwa mahali ambapo halihitajiki sana. Musoma iko kama digrii moja na nusu kusini mwa Ikweta, kando ya Ziwa Viktoria, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni ya uvuguvugu karibu mwaka mzima, kiasi kwamba shuka moja hutosha usiku, na hilo nalo husukumwa miguuni kabla ya mapambazuko. Baridi ya kujivunia iko Tarime, kwenye nyanda za juu, na watu wa Tarime hawajamtuma mtu yeyote wa Musoma kuwafumia chochote. Hata hivyo, blanketi la kufumwa halikuwahi kuwa suala la baridi, bali la ukoo: mtoto akizaliwa, shangazi yake hutarajiwa kuja na kitu mkononi, na shangazi aliyewahi kuonekana, hata mara moja, akiwa ameshika sindano za kufumia, haruhusiwi tena kufika na sabuni na kanga peke yake.

Vifaa vyenyewe hupatikana kwa njia ambazo wataalamu wa ufumaji wa nchi za baridi hawakuziwazia. Sindano, zinapokosekana dukani, hutengenezwa kwa spoku za baiskeli zilizonolewa ncha, na matokeo yake ni kwamba nyumba yenye mfumaji hodari huwa na baiskeli ambayo gurudumu lake linayumba bila maelezo ya kuridhisha. Kuhusu uzi, kuna kinaya kisichoweza kupuuzwa: Bunda ni wilaya ya pamba, na Musoma ilijengewa kiwanda cha nguo kilichojulikana kama Mutex, lakini uzi unaopendwa na wafumaji ni akriliki, yaani uzi unaotengenezwa kwa kemikali zitokanazo na mafuta ya petroli, kwa hiyo mfumaji hupita kwa basi katikati ya mashamba ya pamba akienda kununua kitu kilichotoka kisimani pamoja na dizeli ya basi hilohilo.

Uzi huo hutiwa rangi kwa mafungu, na fungu moja halilingani kikamilifu na lingine hata kama karatasi ya nje imeandikwa rangi ileile, jambo ambalo mfumaji huligundua baada ya uzi wa bluu wa Musoma kumwishia na kulazimika kuendelea na bluu ya Bunda. Bluu ya Bunda nayo ikiisha, hununuliwa sweta la mtumba mnadani, likafumuliwa, uzi wake uliojikunja ukafuliwa na kuning'inizwa ukiwa umefungiwa kitu kizito ili unyooke, na hapo blanketi huwa na bluu tatu, ambazo wageni hufafanuliwa kuwa ni ziwa asubuhi, ziwa mchana na ziwa jioni, kana kwamba hayo ndiyo yaliyokusudiwa tangu mwanzo.

Riwaya ya huzuni, kwa upande wake, ni masimulizi marefu ambamo mhusika mkuu huanza na matatizo machache na kumaliza akiwa nayo yote. Fasihi ya Kiswahili haikuwa na desturi hiyo tangu zamani, maana katika hadithi za Shaaban Robert, kama vile Kusadikika na Adili na Nduguze, mwema huteswa kwa muda lakini hatimaye hulipwa, na msomaji anaweza kufuma kwa utulivu akijua kwamba haki iko njiani. Mageuzi makubwa yaliletwa na Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe, ambako mtu wa Bunda hufika kwa kivuko kitokacho Kisorya kwenda Rugezi, kwa hiyo inaweza kusemwa, bila kuukosea adabu mkoa jirani, kwamba huzuni hiyo iliingia Mara kwa kivuko na kulipiwa nauli ya kawaida.

Katika Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971, Rosa hujiua. Katika Kichwamaji ya mwaka 1974, Kazimoto, msomi wa chuo kikuu ambaye ndiye anayesimulia kisa chake mwenyewe, hujiua pia, na hivyo kuwaachia wahakiki kazi ya ziada. Na katika Dunia Uwanja wa Fujo ya mwaka 1975, mhusika aitwaye Tumaini, ambaye jina lake lingeweza kumpa msomaji moyo, huishia kwenye hukumu ya kifo. Wahakiki wamezihusisha kazi hizo na udhanaishi, yaani falsafa inayomtaka binadamu ajitafutie maana katika dunia isiyomwahidi maana yoyote, na ni vigumu kutaja falsafa isiyopatana zaidi na blanketi la mtoto mchanga lenye urembo wa bata pembeni.

Kufuma na kusoma vinapofanywa kwa wakati mmoja, tatizo la kwanza ni la viungo vya mwili, kwa kuwa mikono yote miwili imeshikwa na sindano na kitabu hakina budi kufunuliwa kwa njia nyingine. Baadhi ya wafumaji hukilaza mezani na kukibana kwa vibanio vya nguo, wengine hukiwekea sahani juu, na wote hugeuza kurasa kwa kiwiko. Alasiri, upepo wa ziwani unapovuma kwenye veranda za Makoko, mjini Musoma, kurasa hujigeuza zenyewe, na msomaji huweza kuruka sura nzima bila kujua, akaendelea kusoma na kumkuta mtu aliyemwacha mzima akiwa amekwisha kuzikwa, wala asishangae, maana katika riwaya ya namna hiyo mazishi hayahitaji utangulizi.

Tatizo la pili ni la mkazo, neno linalotumika hapa kwa maana ya kiasi ambacho vidole huuvuta uzi kila kitanzi kinapofungwa. Mkazo ukiwa mkubwa, vitanzi husongamana na kitambaa husinyaa. Ukiwa mdogo, vitanzi hulegea na kitambaa hutanuka, hata kama idadi ya vitanzi ni ileile. Kwa sababu vidole hufuata moyo, blanketi linalofumwa sambamba na Kichwamaji huanza kwa upana wa kuridhisha, hupungua pale msiba wa kwanza unapobisha hodi, hupanuka kidogo wahusika wanapopata siku ya kucheka, kisha hubanwa tena bila huruma, hadi mwisho wake huwa na umbo ambalo halimo katika vitabu vya hesabu. Mfumaji mzoefu huweza kunyoosha kidole na kutaja kila mahali palipobana ni msiba wa nani, lakini mama wa mtoto, ambaye hakukisoma kitabu hicho, huishia kumuuliza wifi yake kwa upole kama mtoto alipimwa kiuno.

Safarini mambo huongezeka. Ndani ya basi litokalo stendi ya Bweri, mjini Musoma, kwenda Bunda, bonge la uzi hudondoka kwenye kona ya kwanza na kubingirika chini ya viti kuelekea kwa dereva, huku likizungusha uzi katika miguu ya abiria, ndoo ya dagaa na jogoo aliyefungwa miguu, na konda huwa ndiye wa kwanza kutambua kwamba watu wa viti vitatu hawawezi kushuka mpaka upatikane ufumbuzi wa pamoja. Wakati uzi unakusanywa kwa kupitishwa mkono kwa mkono, abiria wa dirishani, ambaye tangu Bweri amekuwa akisoma riwaya ya mfumaji kwa kuinamia bega lake, huomba ukurasa usigeuzwe kwanza, akisema, "Dada, subiri kidogo, bado sijafika chini." Akishuka Bunda huondoka na namba ya simu ya mfumaji, na kwa majuma kadhaa hupiga kuuliza kama yule kijana wa riwayani amepata nafuu.

Hapo ndipo swali la kuacha huchomoza kwa ukali. Hekima ya wahenga iko upande wa kuendelea, kwa kuwa aliyekula ng'ombe mzima hatarajiwi kushindwa na mkia, na methali hiyo, ikitamkwa katika mkoa wa wafugaji, huwa na uzito wa ng'ombe anayejulikana kwa jina. Wachumi, kinyume chake, hufundisha habari za gharama zilizozama, yaani fedha, muda au jasho lililokwisha kutumika na lisiloweza kurudi kwa uamuzi wowote wa baadaye, na hushauri kwamba gharama za namna hiyo zisihesabiwe mtu anapoamua kuendelea au kuacha. Mwaka 1985 watafiti wa Marekani, Hal Arkes na Catherine Blumer, walionyesha jinsi ushauri huo unavyopuuzwa: watu waliolipia bei kamili tiketi za msimu wa maonyesho ya jukwaani walihudhuria maonyesho mengi zaidi katika nusu ya kwanza ya msimu kuliko waliopunguziwa bei. Kwa mantiki hiyo, riwaya iliyonunuliwa Mwanza kwa bei isiyopungua humtesa mnunuzi hadi tamati, lakini riwaya ileile, ikiwa ni ya kuazima, huweza kurudishwa baada ya sura ya tatu kwa kisingizio cha macho. Mwandishi wa Ufaransa, Daniel Pennac, alikwenda mbali zaidi mwaka 1992 alipoorodhesha haki kumi za msomaji, mojawapo ikiwa haki ya kutokimaliza kitabu, ila hakuandika haki yoyote ya shangazi.

Butiama hutoa ushahidi unaopinga uvivu. Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa huko tarehe 13 Aprili 1922, alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, na ya kwanza aliyoichagua ilikuwa ile ya Julius Caesar, ambamo mwenye jina lake huuawa katika sehemu ya tatu kati ya tano, na kuwaachia wasomaji sehemu mbili nzima za vita na watu wanaojiua kwa panga zao. Tafsiri hiyo ilitoka mwaka 1963, na badala ya kuiweka kabatini na kupumzika, Mwalimu aliirudia na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, maana yake ni kwamba mtu mwenye nchi nzima ya kuendesha alilimaliza janga hilo mara mbili. Mwaka huohuo ilitoka Mabepari wa Venisi, ambayo huishia kwa wapenzi kupatana, na si dhambi kudhani kwamba ilikuwa dawa. Wapenzi wa kutafuta maana katika kalenda wataongeza kwamba Kezilahabi naye alizaliwa tarehe 13 Aprili, na kwamba siku moja iliyoleta mtu wa kuamini kwamba kijiji kinaweza kuibadilisha dunia ndiyo iliyoleta mtu wa kuandika kwamba dunia ni uwanja wa fujo, jambo linaloithibitishia elimu ya nyota kwamba haina msaada kwa mfumaji.

Tofauti ya msingi kati ya kazi hizo mbili hujitokeza zinapoachwa. Blanketi likifumuliwa, uzi hurudi wote na mfumaji hupoteza muda wake tu, lakini riwaya haina ncha ya kuvuta: aliyemsoma Kazimoto hadi katikati hawezi kumfumua kichwani, na kumwacha hapo ni kujichukulia msiba usio na siku ya matanga. Zaidi ya hayo, Mara si mahali pa kusoma au kufuma kwa siri, maana riwaya ina abiria wa Bunda anayengoja taarifa, na blanketi lina wifi anayesalimia kila Jumapili kwa kuuliza limefikia wapi. Kwa hiyo idhini ya kuacha si ya mhusika peke yake. Riwaya inaweza kuachwa iwapo atapatikana mtu aliyeimaliza na aliye tayari kujibu simu, na blanketi linaweza kuachwa iwapo mama wa mtoto hajaambiwa. Akishaambiwa, njia hiyo imefungwa.

Kwa wale ambao njia zote mbili zimefungwa, Ukerewe ileile iliyoleta ugonjwa ina tiba. Aniceti Kitereza aliandika kwa Kikerewe riwaya ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke wanaotafuta mtoto, na ingawa haikosi machozi, wahusika wake hulima, hupika pombe na kutembeleana kwa wakwe kwa taratibu zilizoelezwa kwa utulivu kiasi kwamba vidole hulegea na kingo za blanketi hunyooka. Faida yake nyingine ni ya kisheria: Kitereza aliikamilisha mwaka 1945 na kitabu cha Kiswahili, alichokitafsiri mwenyewe, kikachapwa mwaka 1980, hivyo shangazi aliyechelewa ana kielelezo cha miaka 35 cha kujitetea nacho, mradi wifi yake asiulize kama, kwa hesabu hiyo, blanketi ni la mtoto au la mjukuu.