Kode Inayosikika Hadi Ng'ambo

Wezi wa siku hizi wamekuwa wavivu, na sisi watu wa Lubunga ndio tuliowadekeza. Zamani mwizi alijitesa. Alingoja usiku wa mvua, akatoboa ukuta wa udongo, akajipaka mawese mwili mzima ili akikamatwa ateleze, na mara nyingi alitoka na sufuria tu. Wa leo anapiga pasi shati, anachana nywele, anasimama karibu na mashine ya kutolea pesa, kisha anatulia mpaka tumwite wenyewe: "Mwanangu, njoo unisaidie, mimi sioni vizuri."

Anakuja. Ana adabu kuliko watoto wetu wa nyumbani.

Asiyeujua mji huu aelewe kwanza tulivyokaa. Kisangani ina komuni sita. Tano ziko ukingo wa kulia wa mto, yetu peke yake iko kushoto, na mto wenyewe ni Kongo, si kijito cha kuruka. Sisi tuna stesheni ya reli iendayo Ubundu, kilomita 125 za kukwepa maporomoko, lakini stesheni haitoi pesa. Mashine ninayoijua mimi iko Makiso, ng'ambo ya mto. Tangu mwaka 2011 serikali ilipoanza kupitisha mishahara ya watumishi wake benki, badala ya kuihesabu noti kwa noti, mwalimu wa huku huufuata mshahara wake majini. Sikatai, lilikuwa jambo jema. Zamani bahasha ilipungua uzito kila ilipopita mezani kwa mkubwa fulani, na majina ya marehemu yalikuwa yakilipwa bila kuchelewa. Ila hakuna aliyetuambia kwamba wizi ungehama kutoka mezani kwa mkubwa kwenda mfukoni kwetu, na kwamba safari hii lawama ingekuwa yetu.

Siku ya mshahara mtazame jirani yangu, mwalimu mzee. Ameamka kabla ya jogoo. Kadi ameifunga kwenye leso pamoja na kikaratasi, na kwenye kikaratasi ameandika kode kwa mwandiko mzuri wa ubaoni. Atakayeiba leso hiyo atakuwa amepewa na maelekezo ya matumizi. Anafika bichi, wapakiaji wanamvuta kila mmoja kwenye pirogi yake, mama mwenye mikungu ya makemba anamkanyaga, motori inazimika katikati ya mto, abiria wanaanza kusali. Akishuka ng'ambo, waendesha toleka wanamgombania na baiskeli zao. Anafika kwenye mashine, mstari umeshapinda kona. Mtandao hakuna. Mtandao umerudi. Mtandao umekwenda tena. Jua linapanda. Anamwaza mwenye duka aliyemkopesha mchele, anaiwaza pirogi ya jioni, anamwaza mtoto aliyefukuzwa shule kwa ajili ya karo. Zamu yake inapofika hatimaye, simu inalia: ni mke, anauliza kama pesa zimetoka. Nyuma watu wanapiga kelele, "Papa, fanya haraka!"

Hapo ndipo kijana mwenye shati la pasi anapohitajika. Anaichukua kadi kwa mikono miwili, kwa heshima. Anauliza kode. Mzee, ambaye miaka yote amefundisha darasa la watoto wengi bila kipaza sauti, anaitamka hivi kwamba wavuvi wa maporomoko ya Wagenia wanaisikia. Ni mwaka wake wa kuzaliwa. Kijana anabonyeza, anatikisa kichwa kwa huzuni, anasema mashine imekataa, papa arudi kesho. Anamrudishia kadi. Rangi ni ileile, benki ni ileile. Siku ya pili mzee anavuka tena, anasimama tena mstarini, mlinzi anaisoma kadi na kumuuliza kwa upole tangu lini amekuwa mama. Jina lililoandikwa ni la mwanamke. Mshahara wake ulishatolewa jana, labda kabla pirogi yake haijafika katikati ya mto.

Kuna pia ujanja mwingine, ambamo mwizi haigusi kadi yako hata kidogo: ametega kitu kwenye tundu la mashine, kadi inaingia, haitoki. Anatokea mtu mwema. Anakwambia bonyeza kode tena, itairudisha. Unabonyeza, yeye anatazama vidole. Haitoki. Anakushauri kwenda kumtafuta meneja ndani. Wewe unakwenda kumtafuta meneja, na yeye hana haja ya meneja.

Namba nne za kode zenyewe zina kisa. Mashine ya kwanza ya namna hii ilifunguliwa tarehe 27 Juni 1967 kwenye tawi la Barclays huko Enfield, kaskazini mwa London. Aliyeitengeneza, John Shepherd-Barron, alieleza baadaye kwamba alitaka kode ya tarakimu sita, akamuuliza mkewe Caroline mezani, naye akajibu kwamba yeye anaweza kukumbuka nne tu. Basi zikawa nne. Kumbukumbu ya mke mmoja wa Uingereza ndiyo inayolinda mshahara wa Lubunga. Wala simlaumu yule mama, maana nne zinatoa kode elfu kumi, na mashine humvumilia mtu akikosea mara tatu tu. Hesabu ni nzuri. Tatizo ni sisi. Mwaka 2012 mchambuzi wa takwimu Nick Berry alizichambua namba za siri milioni 3.4 zilizokuwa zimevuja, akakuta karibu 11 katika kila 100 ni 1234. Nilipolisoma hilo nilifarijika kidogo. Nilidhani uvivu huu ni wa kwetu peke yetu.

Na usifikiri asiye na kadi ya benki amesalimika. M-Pesa iliingia Kongo mwaka 2012, na sasa benki ya watu wengi ni msichana aliyekaa chini ya mwavuli kando ya barabara. Mteja anampa simu nzima, anageuka kununua lituma, na huku mgongo ukiwa umegeuka anataja kode juujuu. Msichana ni mwaminifu, namjua. Lakini watu wengine wote waliosimama pale siwajui. Tanzania matapeli waliona hata kusimama pale ni uchovu, wakawa wanatuma ujumbe kwa namba yoyote: ile pesa itume kwenye namba hii. Hawaelezi pesa ipi. Walihitaji tu kumpata mtu ambaye asubuhi hiyo kweli alikuwa na deni la kutuma, kichwa kimejaa, kidole kiko tayari.

Mnajua ni nani katika mtaa wetu asiyepoteza kadi hata siku moja? Ni mkopeshaji, yule wa Banki Lambert, kama tunavyoiita mikopo ya riba ya mtaani. Mtumishi akibanwa katikati ya mwezi anampelekea kadi yake kuwa rehani, pamoja na kode. Mshahara ukitoka, mkopeshaji anavuka mto, anatoa, anakata chake na riba yake, anamrudishia mwenyewe mabaki. Kadi zake zimepangwa, kode zote ziko kichwani, simu yake hailii akiwa mashineni. Benki ikitaka kuona mteja makini, ni huyo, ila pesa si zake.

Benki nayo imebandika karatasi: usimwambie mtu yeyote kode yako. Imeandikwa kwa Kifaransa, kwa herufi ndogo, nyuma ya kioo, mbele ya mzee aliyesahau miwani Lubunga. Ukienda kulalamika unaambiwa ni kosa la mteja. Naam, ni kosa la mteja. Lakini nani aliyepanga watu wote walipwe ndani ya siku zilezile, mbele ya mashine moja, kwenye jua, upande wa pili wa mto? Umakini wa mtu si mto Kongo, unakauka. Ukimchosha mwalimu tangu alfajiri hadi saa tisa kisha ukamdai awe macho kwa nusu dakika ile moja, umemwandalia mwizi meza. Mashine moja ya upande huu, yenye kivuli na mlinzi anayejua kusema Kiswahili, ingewanyima kazi vijana wengi wenye mashati ya pasi.

Na sisi tuna ugonjwa wetu ambao mashine haiutibu. Hapa kumficha mtu kode ni kumtukana. Jaribu kuweka kiganja juu ya vitufe huku shemeji yako amesimama pembeni. Atanuna hadi Krismasi. Jioni ukoo mzima utakuwa umeshajua kwamba unamwona mwizi, kwamba una roho mbaya, kwamba tangu upate kadi umejifanya mzungu. Basi watu wanaacha mkono pembeni kwa kulinda undugu, na mgeni aliyesimama nyuma ya shemeji anaona bure.

Kwa hiyo wewe utakayevuka mwisho wa mwezi, kikaratasi kiache nyumbani, au bora kichome moto. Funika vitufe kwa mkono. Mashine ikimeza kadi, usiibonyeze kode tena na usiondoke pale. Mtume mwingine amwite mlinzi. Na mtu yeyote akikurudishia kadi, soma jina lililo juu yake kabla hujasema asante. Shemeji akinuna, mnunulie soda.