Namna ya Kulea Maumivu ya Nyonga Mpaka Yazeeke

Hongera. Baiskeli ya mbio umenunua, kaptura ya kubana umeizoea, na kile kikundi cha Jumamosi alfajiri, kinachovuka Daraja la Tanzanite kabla jua halijachomoza, kimekupokea. Sasa nyonga ya kulia imeanza kuuma. Wasiojua watakuonea huruma. Wanaojua wanafahamu kwamba mwendesha baiskeli wa kujifurahisha, mwenye miaka 45 na kazi ya ofisini, bila maumivu hana la kusimulia kwenye supu.

Taabu ni kwamba maumivu mengi ya nyonga yakishughulikiwa mapema, tena kwa kiasi, huondoka zake. Mwongozo huu umeandaliwa ili hilo lisikupate. Ufuate hatua kwa hatua.

Kwanza: usijue panapouma

Mtaalamu wa fiziotherapia atakuomba uoneshe kwa kidole kimoja. Usikubali. Weka kiganja kizima, kianzie kiunoni kiishie pajani, useme, "Huku kote." Ukionesha kwa kidole utakuwa umemrahisishia kazi. Maumivu ya ndani, kwenye kinena, yatamfanya akichunguze kiungo chenyewe, pale kichwa cha mfupa wa paja kinapokaa ndani ya kikombe chake. Ya ubavuni, juu ya ule mfupa unaochomoza, mara nyingi hutokana na kano za misuli ya makalio, na huwapata zaidi wanawake waliovuka miaka 40. Ya nyuma, yanayoshuka mguuni pamoja na ganzi, huenda yanatoka mgongoni na nyonga inasingiziwa tu. Kila moja lina tiba yake, na ukishalijua lako utakuwa umeanza kupona bila kukusudia.

Pili: siti ipimwe kwa macho

Mwite mwenzako yeyote aliyeendesha miaka mingi. Atasimama pembeni, atakunja uso, atasema, "Kaka, iko poa hiyo." Inatosha. Siti ikiwa juu mno, kiuno kitayumba huku na huku kila unapoifuata pedeli chini, na kano za ubavuni zitavutwa. Ikiwa chini mno, goti litapanda kuelekea kifuani na nyonga itabanwa kwa mbele. Yote mawili yanatufaa, maana mwendo wa mizunguko 80 kwa dakika ni mizunguko 4,800 kwa saa. Kosa la sentimita moja unalirudia mara zote hizo, na Bagamoyo mnakokwenda bado ni mbali.

Wapo wasio na uvumilivu wa kuumia, ambao hupima. Husimama peku, mgongo ukutani, kitabu chenye jalada gumu wamekibana katikati ya mapaja na kukipandisha hadi mwisho. Huweka alama ya penseli ukutani, kisha hupima kutoka sakafuni. Urefu huo huuzidisha kwa 0.883, kanuni iliyoenezwa na Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mara 3. Mwenye sentimita 82 hupata 72.4, na huo ndio urefu kutoka katikati ya ekseli ya krenki, ile mikono inayobeba pedeli, hadi juu ya siti. Hapo ni pa kuanzia tu. Baadaye husogeza milimita mbili tatu, huendesha wiki nzima, ndipo huamua kama wasogeze tena. Wewe badilisha siti, usukani na viatu siku moja, na kesho yake shika njia ya Bagamoyo. Nyonga ikiuma, hakuna atakayejua mkosaji ni nani.

Fundi akikushauri uweke krenki fupi, kwa kuwa huipunguzia nyonga mkunjo pale goti linapofika juu, mjibu kwamba fupi ni za watoto. Usimtajie Tadej Pogačar, aliyeshinda Tour de France ya 2024 kwa krenki za milimita 165, ilhali baiskeli nyingi za dukani huja na za 170 au 172.5.

Tatu: inyamazishe

Diklofenaki imezwe kabla ya kupanda, ili nyonga ikikuita njiani usisikie. Ongeza joto la Dar es Salaam na chupa moja tu ya maji, na figo nazo zipate habari. Jioni mtafute mchuaji mwenye kiwiko kizito, umwelekeze pale pale kwenye mfupa unaouma, akandamize mpaka machozi yakutoke. Kano iliyoumizwa na kubanwa sasa itabanwa kwa malipo.

Ukichoka, dai sindano ya steroidi. Hutuliza kweli, tena upesi, na uzuri wake ni kwamba itakurudisha barabarani kabla kano haijapata nguvu. Mwaka 2018 jarida la BMJ lilichapisha utafiti uliofanyika Australia kwa watu 204 wenye maumivu ya kano za ubavu wa nyonga. Baada ya wiki 8, waliopata nafuu kati ya waliofundishwa kuitunza nyonga na kupewa mazoezi walikuwa wengi kuliko kati ya waliochomwa sindano, na waliochomwa sindano waliwazidi walioachwa wangoje tu. Habari kama hizi zisiingie kwenye grupu la WhatsApp la kikundi chenu. Zitaharibu watu.

Nne: pumzika kabisa, kisha usipumzike kabisa

Hiki ndicho kiini cha mwongozo wetu. Nyonga hupona kwa kazi ya kiasi, kwa hiyo kiasi ndicho adui. Wiki tatu usiiguse baiskeli, usipande ngazi, na hata dukani uende kwa bodaboda. Misuli ya makalio italegea, na kano itapoteza uwezo wa kubeba mzigo iliouzoea. Maumivu yatapungua, nawe utadhani umepona. Jumamosi inayofuata jiunge na wanaokwenda Bagamoyo, kilomita 60 na ushei kwenda tu, kwa gia nzito na upepo wa mbele. Jumapili utatoka kitandani kwa kushika ukuta. Pumzika tena wiki tatu. Mtindo huu, ukiuheshimu, unaweza kukufikisha kwenye kustaafu.

Jihadhari na mtaalamu atakayekupa njia ya katikati. Atakuruhusu kuendesha dakika 20 au 30 kwenye tambarare, kwa gia nyepesi, ilimradi maumivu yawe madogo na kufikia asubuhi yawe yamerudi pale yalipokuwa. Yakizidi, atakwambia upunguze, wala hatakwambia uache. Kisha atakulaza chali sakafuni, magoti umeyakunja, uinue kiuno polepole, ukishikilie juu, ukishushe polepole. Wewe wa kilomita 120 utatetemeka mapaja kwa kuinua kiuno chako mwenyewe, wanao wakikutazama na kucheka. Ukizoea, ataongeza kuinua kwa mguu mmoja, halafu kuketi na kuinuka kitini bila kushika popote, halafu na uzito mkononi. Kano hujijenga kwa miezi, kwa hiyo atataka wiki 8 hadi 12 zisizo na mapengo. Mazoezi hayo hayana cha kurusha kwenye programu ya Strava na hakuna atakayekupigia makofi. Mtu mzima mwenye akili timamu ana sababu gani ya kuyafanya?

Tano: saa 22 zilizobaki

Baiskeli huchukua saa mbili tu za siku yako, na uzembe hapa unaweza kukuponya. Ofisini keti kutwa bila kuinuka, mguu juu ya mguu. Kwenye kituo cha mwendokasi simama kwa mguu mmoja, mwingine umeulegeza, nyonga umeichomoza pembeni. Usiku lalia upande unaouma. Ukilazimika kulalia ule mzima, mto usiukaribishe katikati ya magoti, kwa kuwa huizuia nyonga ya juu isiangukie ndani na kuibana kano usiku kucha. Na kila ukikumbuka, livute goti kuelekea bega la upande wa pili, ukisema unanyoosha misuli. Utapata raha ya dakika moja, na kano ya ubavuni itakudai hadi jioni.

Sita: jifananishe na mabingwa

Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi na mshindi wa Tour de France mara 4, alianguka Juni 2019 akavunjika mfupa wa paja, na Februari 2020 akawa amerudi mashindanoni. Piga hesabu kwa sauti mbele za watu: yeye alivunjika, wewe unaumwa tu, wiki mbili zinakutosha. Ruka sehemu inayosema kwamba kupona ndiko kulikuwa kazi yake ya kutwa, na kwamba Tour hakuishinda tena.

Yasiyo na mzaha

Ukianguka na mguu ukashindwa kubeba uzito, ukipata maumivu ya usiku pamoja na homa, au ukipata ganzi katikati ya mapaja na mkojo usiozuilika, uweke mwongozo huu chini, uende hospitali siku hiyo hiyo. Mwenye seli mundu, aliyetumia steroidi kwa muda mrefu na mnywaji wa kupindukia wasiyadharau maumivu ya kinena. Kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kukosa damu kikafa, na mwanzoni picha ya eksirei huweza kuonekana safi. Kipimo cha MRI ndicho hukiumbua mapema.

Mwisho: wasaliti

Katika kila kikundi yupo aliyeshindwa kuufuata mwongozo huu. Kwenu huenda ni yule mama wa makamo anayegeuzia Tegeta wakati ninyi mnapiga miluzi na kuendelea. Alisema wazi kwamba nyonga inamsumbua, akapima siti, akaongeza kilomita chache kila wiki, na mkimcheka anacheka nanyi. Miezi mitatu baadaye mtamwona mbele yenu mkiikaribia Kerege, kiuno kimetulia juu ya siti, akizungusha pedeli na kupiga soga na kijana wa nusu ya umri wake.

Mkimkuta kwenye supu, msimuulize siri. Atawaeleza habari ya kulala chali sakafuni kila jioni na kuinua kiuno polepole, na maelezo yake hayazidi dakika mbili. Yako yanahitaji chapati tatu.